Mbuzi wa Mjomba

Wembley, London
23 Novemba 2025

Mdogo wangu Adolphe,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Baridi imeanza mapema. Bado naenda Kenton kila siku kwa yule bibi wa Kihindi ninayemtunza, mama yake Dhiren, vituo vitatu tu vya treni, lakini ngazi zake zinanimaliza. Naye ni mzima, na bado anasema chai yangu ni maji ya kuoshea miguu.

Usishangae kuona nimerudi kwenye kalamu. Simu yangu Gloire ndiye anayeitengeneza, anaijua kuliko mimi. Ujumbe wako wa sauti ukiingia anausikia akiwa jikoni. Kiswahili anakielewa chote, hata kama anajibu kwa Kiingereza. Mwandiko wa mkono hawezi kuusoma, asema ni kama njia za kuku.

Sasa neno lenyewe, na ni neno la furaha. Gloire amepata mchumba. Anaitwa Dieumerci, fundi umeme, kijana wa kanisa, asili yao Uvira, wanakaa Rayners Lane. Wazazi wake wamekuja kubisha hodi kama inavyotakiwa, na tumepanga siku ya mahari: Jumamosi tarehe 30 Mei, ukumbi wa kanisa hapa Wembley. Nimekataa mambo ya haraka haraka ya vijana. Itafanyika kama kwetu Bukavu, kila mtu kwenye kiti chake. Papa Jules, mzee wa kanisa, atakaa kwenye kiti cha baba. Placida, rafiki yangu wa kwaya, amekubali kuwa shangazi, maana unajua bila shangazi bibi arusi hatoki chumbani.

Na wewe sijakusahau. Kwenye orodha tuliyowapa nimeandika mbuzi wa mjomba, jina lako kabisa. Huku mbuzi mwenyewe haji na miguu minne, anakuja ndani ya bahasha, lakini heshima ni ile ile. Ninachokuomba ni barua moja ya baraka, ya mjomba, isomwe mbele ya watu. Andika vizuri kama ulivyokuwa ukiandika shuleni.

Tule Krismasi kwa amani.

Dada yako,
Mama Gloire


Shepparton, Australia
14 Desemba 2025

Dada mkubwa,

Salamu nyingi. Barua yako imetembea siku kumi na saba. Pole kwa goti. Mimi mzima. Huku ni joto, msimu wa matunda umeanza na mikono yetu yote inanuka pichi. Chumba changu ni kile kile, jirani ni yule yule, mbwa wake amekufa.

Kabla ya neno lako nikupe habari ya huku. Jumanne bunge la jimbo letu liliwaomba radhi wenyeji wa nchi hii, wale waliokuwapo kabla ya wazungu. Kwa ardhi, kwa lugha, kwa watoto waliochukuliwa kwa mama zao na kulelewa pengine. Kiwandani waliwasha televisheni ya kantini, ikawa saa ya chai, tukakaa. Nilitazama watu kuliko nilivyotazama televisheni. Tarsem, Mpunjabi tunayepanga naye masanduku, alipiga makofi, kisha akauliza kama ardhi nayo itarudi au ni maneno tu. Kelvin, msimamizi wetu, alisema yeye hakuchukua mtoto wa mtu, kwa nini radhi iombwe kwa jina lake. Msichana mmoja wa ofisini alilia. Mwingine akauliza kwa upole kama tunaweza kurudi kwenye kriketi.

Na kuna Nancy. Ndiye mwenye kantini, mwenyeji, ana miaka sitini na tisa. Huku mwanamke wa umri wake kwa watu wake wanamwita shangazi, na sisi wote tunamwita hivyo. Alichukuliwa akiwa na miaka minne. Wakati wote wa hotuba alikuwa kwenye sinki ametugeuzia mgongo anaosha vikombe. Kikombe kimoja nilimwona anakiosha mara tatu.

Kesho yake nilimuuliza. Akaniambia: "Maneno yalikuwa mazuri, Adolphe. Siyachukii. Lakini lile gari lililonichukua silo lililoniumiza zaidi. Waliniambia mama yangu hakunitaka. Niliishi na hilo miaka thelathini. Nilipompata alikuwa kaburini, na dada zangu wakaniambia kila Jumapili alikuwa akiniwekea sahani."

Dada, nilisimama pale na mkate wangu mkononi nikakufikiria wewe.

Sitaandika barua ya mjomba. Mbuzi wa mjomba simtaki. Mimi si mjomba wa Gloire. Mimi ni baba yake, na wewe ni shangazi yake. Hakuna haja ya kumwazima Placida. Nimelisema kwa midomo yangu na kwa kalamu yangu, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2011.

Mwambie kabla ya Mei. Mwambie wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyemwambia mengine.

Krismasi njema.

Adolphe


Wembley, London
11 Januari 2026

Adolphe,

Tumemaliza sikukuu salama. Tarehe mosi tumemfanyia Gloire siku yake ya kuzaliwa, ametimiza ishirini na minne. Dieumerci alileta keki yenye picha yake. Mama yake Dhiren alimtumia bangili. Goti linaendelea.

Barua yako niliisoma ndani ya treni, nikapitiliza Kenton hadi mwisho wa reli. Nilichelewa kazini kwa mara ya kwanza kwa miaka sita.

Unanifananisha na serikali? Unanifananisha na watu waliokuja na gari kunyang'anya watoto mikononi mwa mama zao? Basi nikukumbushe, maana naona pichi zimekupanda kichwani. Juni 2004 Bukavu inawaka, wanajeshi wamekuchukua kubeba mizigo yao, Keren mke wako amelala uani na risasi kifuani. Nani aliingia kwenye nyumba ile? Nani alimtoa mtoto wa miaka miwili chini ya kitanda? Nilimbeba kwa mgongo huu hadi Burundi. Goti ninalolilalamikia kila barua, huko ndiko lilikoharibika. Watu wakatuambia umekufa. Nilinyoa nywele kwa ajili yako, nikakaa kilio, nikaondoa kilio. Mtoto wa kaka aliyekufa ni wa nani kwa desturi yetu? Nijibu.

Nilipofika hapa na kuulizwa huyu ni nani, nilisema mwanangu. Ningesema nini? Kwamba ni wa marehemu, wamchukue wampe wageni? Hao ndio wangekuwa wale wa Nancy wako. Mimi nilimwokoa na gari lile.

Nimewauliza watu kuhusu hiyo radhi, usifikiri huku hatusikii habari. Baada ya ibada Placida alisema, "Na siye Wabeleji watatuombaka musamaha siku gani? Mufalme wao alikuja, akasema anasikitika, akapanda ndege." Papa Jules akasema radhi haipiki chakula. Na mama yake Dhiren, ambaye alikuwa mmoja wa Waasia waliopewa siku tisini watoke Uganda, aliniambia kwa Kiswahili chake cha dukani: "Mimi toka Kampala na sanduku moja tu. Hapana mtu sema pole. Mimi kama ngoja pole, mimi iko kufa na njaa." Kisha akaomba chai. Huyo ndiye mwanamke.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Homa zake nimezikesha mimi. Mikutano ya shule nimekwenda mimi, nikiwa nimevaa nguo za kusafishia ofisi. Wewe ulikuwa sauti kwenye simu inayouliza kama ameshika masomo.

Na tangu lini mdogo anamwamrisha mkubwa wake?

Barua ya baraka bado naisubiri.

Mama Gloire


Shepparton
8 Februari 2026

Dada Emérence,

Natumaini mko salama. Nimeongezewa saa za kazi. Tarsem amepata mjukuu.

Yote uliyoandika ni kweli, na nimeyasoma nimesimama kama mtu anavyosimama kanisani. Ulimbeba. Ulimlisha. Nakushukuru kwa hilo na nitakushukuru hadi nife. Hilo si deni ninalolikataa.

Lakini kilio kiliisha mwaka 2011. Tangazo lako la kutafuta ndugu waliobaki lilisomwa kanisani kwetu, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nikakupigia kwa simu ya mchungaji, ukapiga yowe, tukalia wote wawili. Na dakika ya tano ukaniambia, kwa sauti ya chini, "Nimemzoeza mtoto kuniita mama, na karatasi zangu bado hazijatoka, wakijua nilidanganya watanirudisha." Nikasema sawa, mwaka mmoja. Karatasi zikatoka. Nikasema sasa. Ukasema ana mitihani. Ukapata uraia mwaka 2016, ukanitumia picha umeshika bendera. Nikasema sasa. Ukasema ana miaka kumi na minne, umri mbaya. Sasa anaolewa. Utasema nini akizaa?

Na kuna lile ambalo hukulitaja. Ulihitaji mume wa kuandika kwenye fomu, ukamtunga. Mtoto alipouliza, ukamwambia baba yake aliwatoroka. Ungeweza kusema amefariki. Ulichagua alitoroka.

Nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Alipokuwa na miaka kumi na sita alinipigia simu mwenyewe. Akaniuliza kwa Kiingereza, pole pole ili nielewe: "Mjomba, baba yangu alikuwa mtu gani? Mama anasema alituacha." Na mimi, Dada, nilijibu: "Sikumjua vizuri." Hilo ndilo jibu langu. Nilimkana kama Petro, na jogoo anawika hadi leo. Kwa hiyo usifikiri nimekaa juu ya kiti cha hakimu. Nami nina radhi ya kuomba, lakini siwezi kuiomba mpaka wewe ufungue mlango, kwa sababu mlango uko nyumbani kwako.

Methali yako naijua. Haisemi kwamba anayelea amfute aliyezaa.

Jambo la mwisho. Tarehe mosi Januari si siku ya Gloire. Ni siku ya wakimbizi wote. Hapa kiwandani tuko Wakongo kumi na wawili, tisa tumezaliwa tarehe mosi Januari, Kelvin anadhani ni desturi yetu. Ofisini walikuuliza siku ya mtoto na hukuijua, wakaandika hiyo. Mama angeijua. Mimi naijua. Najua siku ya wiki, najua saa, najua Keren alisema nini alipomwona. Sijawahi kukuambia, na hapa siandiki. Ni kitu pekee cha mwanangu ambacho bado ninacho na wewe huna.

Adolphe


Wembley, London
22 Machi 2026

Mpendwa Adolphe,

Salamu. Maandalizi yanaendelea vizuri. Vitenge vya familia vimefika, rangi ya zambarau.

Nimefikiri sana juu ya barua yako na nimeomba Mungu anipe maneno. Basi napenda kusema hivi. Katika miaka iliyopita, wakati wa vita na baada ya vita, yalitokea mambo mengi magumu katika familia yetu. Katika mambo hayo inawezekana kuna maamuzi yaliyofanyika ambayo yalisababisha maumivu kwa baadhi ya watu. Kama wewe ni mmoja wa walioumia, nasikitika. Nia ilikuwa njema. Ni wakati sasa wa kuangalia mbele kama familia moja, hasa katika kipindi hiki cha furaha ya mtoto wetu.

Natumaini hili limefunga ukurasa. Ukumbi tumeshalipia na kadi zimechapwa. Kwenye kadi jina lako lipo, kwa herufi nzuri: mjomba wa bibi arusi.

Barua ya baraka itume kabla ya katikati ya Mei.

Mama Gloire


Shepparton
12 Aprili 2026

Dada,

Mzima. Mvua imeanza.

Barua yako nilimtafsiria Nancy, sikumtajia ni ya nani. Alisikiliza hadi mwisho akauliza ni ya wizara gani.

"Yalitokea." Nani aliyatokeza? "Baadhi ya watu." Tuko watatu tu, Dada, mimi na wewe na yeye. Kwetu mtu akimkosea mwenzake anakuja nyumbani kwake, anakaa chini, anataja alichofanya kwa jina lake, halafu anafunga mdomo. Hasemi nia ilikuwa njema. Hasemi ukumbi umelipiwa. Anayeomba radhi huku anaomba na kitu kingine, huyo amekuja kuomba hicho kitu kingine.

Unanitaka msamaha ili sherehe yako ipite. Huupati.

Barua ya mjomba haiji. Sitaandika tena mpaka nisikie umemwambia. Nimekasirika, na nimechoka kuandika kama mtu asiyekasirika.

Adolphe


Wembley, London
7 Juni 2026

Adolphe,

Sijui nianze na salamu gani. Mimi nipo. Goti lipo. Mama yake Dhiren alilazwa wiki moja, amerudi.

Nitakueleza ilivyokuwa Jumamosi ile, kwa mpangilio, kwa sababu wengine watakusimulia vibaya.

Ukumbi ulijaa, watu kama mia moja na ishirini. Wakwe walikaa upande wa dirisha, sisi upande wa jukwaa. Viti vyetu vya mbele vilikuwa vitatu, na juu ya kila kimoja niliweka karatasi kwa mkono wangu: Baba, Mama, Shangazi. Papa Jules alikaa kwa Baba amevaa suti ambayo wakwe walimletea mapema, imembana tumboni. Mimi nilikaa kwa Mama. Placida alikaa kwa Shangazi. Gloire alikuwa kwenye kile chumba kidogo cha watoto wa shule ya Jumapili, anasubiri kuitwa.

Nilikuwa nimejiambia kwamba nitamwambia baada ya sherehe. Nilikuwa nimejiambia hivyo tangu Februari, na nilikuwa najua nadanganya.

Vitu vikatolewa kimoja kimoja, msemaji wa wakwe akavitaja: suti ya baba iliyokwisha kuvaliwa, kitenge cha mama, bahasha ya mbuzi wa mjomba. Wakauliza barua ya mjomba iko wapi. Nikasema posta ya Australia. Watu wakacheka kidogo. Kisha msemaji akasema, kwa ile sauti ya kuita, unaikumbuka: "Tumechoka kuangalia mabibi ya watu. Tunataka mutoto wetu. Shangazi yake iko wapi, atutolee yeye?"

Placida akasimama.

Na mimi nikasimama. Sikuamua, Adolphe. Sikukuwaza wewe wala Nancy wala bunge la mtu. Tangu utoto tumekaa kwenye sherehe hizi, na neno hilo likiitwa, anayeitwa anasimama. Niliposimama ndipo nikaona tuko wawili.

Watu wakacheka tena. Msemaji akasema kwa heshima, akinionyesha kiti changu, "Mama, ikala kwanza. Tunaita shangazi."

Nikasema, "Ni miye."

Akadhani sikusikia. "Hapana, Mama. Shangazi. Dada ya baba yake."

"Nimesikia. Miye njo dada ya baba yake. Baba yake ni Adolphe, iko Australia, iko muzima. Miye si mama yake. Nilimudanganyaka."

Nimekuandikia maneno hayo kama yalivyotoka. Sikuongeza kitu. Sikusema nia njema. Mlango wa kile chumba ulikuwa wazi nusu, na Gloire alikuwa amesimama pale na kilemba chake cha zambarau. Anaelewa Kiswahili chote. Papa Jules alivua koti la suti akalikunja vizuri akaliweka juu ya kiti.

Gloire alinijia hadi mbele. Nilidhani atanipiga, nikatamani anipige. Aliuliza kwa Kiingereza kama yule mtu aliyetoroka yuko. Nikasema hakuna mtu huyo, nilimtunga. Akauliza mama yake aliitwa nani. Nikasema Keren. Akasema jina hilo mara mbili kwa sauti ndogo. Kisha akauliza siku yake ya kuzaliwa kama nayo niliitunga. Nikasema mwenye siku hiyo ni baba yako, mimi hakunipa. Akasema, "OK." Hilo tu. Akamshika Dieumerci mkono wakatoka nje, na kilemba kikabaki sakafuni.

Wako Rayners Lane kwa mama mkwe. Nilikwenda mara moja. Mama mkwe alinipa chai sebuleni, akaniambia Gloire hataki kuniona bado. Nilikunywa chai yote nikarudi.

Nimetaka kukuandikia kwamba sikusema kwa sababu ya karatasi. Karatasi ziliisha zamani. Sikusema kwa sababu nilijua siku nitakaposema nitabaki na nyumba ya vyumba viwili na goti. Keren alikufa akiwa amezaa, wewe ulikuwa na mtoto, mimi sikuzaa, na huyu aliniita mama kwa mdomo wake mwenyewe kwenye barabara ya Burundi, kabla sijamfundisha. Nikaiba. Niliiba kwa mtu aliyekufa, halafu mtu huyo akafufuka, na mimi nikaendelea kuiba kwa mtu aliye hai miaka kumi na mitano. Nilikufanya mjomba. Nilimwambia mtoto wako kwamba ulimkimbia. Nilikuandikia mbuzi.

Umesema mtu ataje halafu afunge mdomo. Nimetaja. Siombi kitu.

Emérence


Shepparton
28 Juni 2026

Dada Emérence,

Barua yako imefika. Huku ni baridi sasa, asubuhi majani ni meupe kwa barafu.

Gloire alinipigia simu siku kumi na mbili baada ya sherehe. Hakuniita mjomba. Hakuniita baba pia, aliniita "hello". Nikasikia treni inapita upande wake. Kisha nikamwomba radhi yangu, ile ya "sikumjua vizuri". Niliitaja kwa jina, nikanyamaza. Hakusema amenisamehe. Aliuliza siku yake. Nikampa: siku ya wiki, saa, na maneno ya Keren. Nilimsikia akiandika. Akauliza maneno hayo yanaandikwaje kwa Kiswahili, nikamtajia herufi moja moja.

Harusi itakuwapo, amesema, lakini si mwaka huu. Wewe hakukutaja, wala sikumlazimisha.

Barua yako nimeisoma mara nne. Ni ya kweli, na sina neno la kuipinga. Nancy aliniona nayo kantini, akauliza kama ni ya wizara ile ile. Nikasema hapana, safari hii ni ya mtu. Akauliza nitajibu nini. Nilikuwa nimesimama kwenye sinki, namsaidia kuosha. Nikaendelea na vikombe.

Bahasha ya mbuzi wa mjomba warudishie wakwe, waambie mjomba hayupo.

Na siku ya Gloire, Dada, najua utatafuta kuijua. Nimempa yeye. Wewe sikuandikii. Ukiwa bado na hamu, kaa hapo Wembley usubiri aje akuambie mwenyewe.

Mdogo wako,
Baba Gloire